Kuzuia Utumwa wa Kisasa katika Kampuni na kwa Wauzaji Wake: Mwongozo kwa Wanaonunua kutoka Nakuru, Kericho na Ukanda wa Ziwa

Mwongozo huu umeandikwa kwa mameneja wa ununuzi, maafisa wa wafanyakazi na wasimamizi wa kampuni za kimataifa zinazozalisha au kununua bidhaa katika eneo linaloanzia Naivasha, likapita Nakuru na Kericho, hadi Kisumu, Kakamega, Busia na Migori. Maua ya Naivasha huuzwa Uholanzi na Uingereza. Chai ya Kericho na Nandi huenda nchi nyingi kupitia mnada wa Mombasa. Minofu ya sangara huondoka Kisumu kuelekea Ulaya. Na sukari ya Muhoroni au Kakamega huingia katika vinywaji na biskuti za kampuni ambazo wenye hisa wake hawajawahi kuliona shamba la miwa. Nyuma ya kila moja ya bidhaa hizo yupo kibarua ambaye jina lake halimo katika faili yoyote ya kampuni inayonunua, na huyo ndiye anayehusika zaidi na yatakayosemwa hapa.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, pamoja na washirika wake, lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 50 duniani waliishi katika utumwa wa kisasa, na kati yao milioni 28 walikuwa katika kazi za kulazimishwa. Wengi hawafungwi pingu wala hawalindwi na mtu mwenye bunduki. Wanazuiwa na deni, na mtu anayeshika kitambulisho au kadi yao ya benki, na mshahara wa miezi miwili ambao haujalipwa na utapotea wakiondoka. Kwa sababu hiyo naamini kwamba kampuni inayotaka kuzuia jambo hili kwa dhati inapaswa kufuata deni la mfanyakazi tangu linapoanza hadi linapoishia, na hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kuuzunguka ukweli huo.

Hatua ya kwanza: fahamu unachokitafuta na sheria inayokubana

ILO imeorodhesha dalili 11 za kazi ya kulazimishwa: kutumia vibaya unyonge wa mtu, udanganyifu, kuzuiwa kutembea, kutengwa, ukatili wa kimwili na wa kingono, vitisho, kunyang'anywa hati za utambulisho, kuzuiliwa mshahara, utumwa wa deni, mazingira mabaya ya kazi na makazi, na kazi ya ziada kupita kiasi. Dalili moja peke yake mara nyingi haitoshi kuthibitisha utumwa. Dalili tatu au nne zikikutana kwa mtu mmoja, usisubiri ushahidi kamili ndipo uanze kuchukua hatua.

Ni muhimu pia kutenganisha mambo. Mshahara mdogo unaolipwa kwa wakati, kwa mtu anayeweza kuacha kazi kesho akitaka, ni dhuluma inayohitaji kupingwa kwa njia zake, lakini haiitwi utumwa. Ukiita kila kosa la ajira utumwa, muuza bidhaa atakukasirikia, mfanyakazi hatakuelewa, na kesi halisi itapotea katikati ya kelele. Swali linalotenganisha ni hili: mtu huyu akiamua leo kuondoka, ni nini kitakachomzuia, na nani amekiweka kizuizi hicho?

Kwa upande wa sheria za Kenya, Kifungu cha 30 cha Katiba ya 2010 kinakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa, na Kifungu cha 25 kinaiweka haki ya kutoshikwa utumwani miongoni mwa haki chache zisizoweza kupunguzwa kwa hali yoyote. Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya 2010 inaweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Sheria ya Ajira ya 2007 ndiyo utakayoitumia kila siku, na vipengele vyake vitatajwa kila panapohitajika.

Ng'ambo nako masharti yanazidi kukaza. Sheria ya Uingereza ya Utumwa wa Kisasa ya 2015 inadai taarifa ya kila mwaka kutoka kwa kampuni inayofanya biashara huko yenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi. Australia ilifuata mwaka 2018, kwa kampuni zenye mapato ya dola zake milioni 100. Sheria ya Ujerumani kuhusu mnyororo wa ugavi ilianza kutumika mwaka 2023. Kubwa kuliko zote kwa wauzaji wa maua na samaki ni kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa mwaka 2024, ambayo kuanzia tarehe 14 Desemba 2027 itapiga marufuku kuuza katika soko la Umoja huo bidhaa yoyote iliyotengenezwa kwa kazi ya kulazimishwa, hata kama ni sehemu yake tu. Anayeshughulika na maua ya Naivasha asidhani kwamba jambo hili ni la mawakili walioko makao makuu.

Hatua ya pili: chora ramani mpaka kwa kibarua wa mwisho

Kampuni nyingi zina orodha ya wauzaji wanaowalipa moja kwa moja, na huiita orodha hiyo ramani ya mnyororo wa ugavi. Haitoshi. Hatari kubwa huwa ngazi mbili au tatu chini ya yule anayekuandikia ankara.

Chukua sangara. Kiwanda cha Kisumu kinachokuuzia minofu kinanunua kutoka kwa wakala mwenye gari la barafu, wakala ananunua ufukweni, ufukweni kuna mwenye boti, na ndani ya boti kuna vijana wanaolipwa sehemu ya mauzo baada ya mwenye boti kukata gharama za nyavu, mafuta na chakula. Vijana hao wakienda kuvua kutoka visiwani kama Remba au Mfangano, mbali na nyumbani, na gharama zikawa kubwa kuliko walichovua, wanaanza wiki inayofuata wakiwa wanadaiwa. Kiwanda chenyewe kinaweza kuwa safi kabisa, chenye glavu, mikataba na vyeti vya usafi vya Ulaya, huku tatizo likiwa limekaa majini. Kwa hiyo ramani yako iandike majina ya fuo, wenye boti na kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, ambacho ndicho chenye daftari la boti na wavuvi.

Katika chai, tofautisha mashamba makubwa na viwanda vinavyonunua majani kwa wakulima wadogo. Shamba kubwa lina chama cha wafanyakazi, nyumba za kampuni na mkataba wa pamoja. Mkulima mdogo wa Bomet au Nandi ana ekari moja au mbili na huajiri mchumaji mmoja au wawili kwa malipo ya kilo, bila karatasi yoyote, na mchumaji huyo huenda ni kijana aliyeletwa kutoka kaunti nyingine akalazwa katika chumba cha uani. Hakuna mkaguzi anayemfikia. Katika miwa, kiwanda huwapa makontrakta kazi ya kukata na kusafirisha, na kontrakta ndiye anayejua wakata miwa walitoka wapi. Katika dhahabu ya Migori na Kakamega, ambayo kampuni za vito na vifaa vya elektroniki zinaweza kuipata bila kujua asili yake, mnyororo ni mgumu zaidi kuufuata, kwa sababu dhahabu ya mashimo mengi huchanganywa na wanunuzi wadogo kabla haijatoka kijijini.

Usisahau lango lako mwenyewe. Walinzi wa usiku, wafagizi, wapishi wa kantini na wapakiaji wa mizigo katika ofisi na ghala zako za Nakuru au Kisumu kwa kawaida wameajiriwa na kampuni nyingine. Wanafanya kazi mbele ya macho yako na huwajui. Ningeshauri kila kampuni ianze ramani yake na watu hawa, kwa kuwa ni karibu, na kwa kuwa hakuna anayeweza kumwambia muuza bidhaa wa mbali arekebishe mambo ambayo yeye mwenyewe hajayarekebisha mlangoni pake.

Hatua ya tatu: fuata deni

Hapa ndipo muda wako mwingi unapaswa kwenda. Deni linalomfunga mfanyakazi wa ukanda huu huingia kwa milango minne hivi, na kila mmoja una alama zake katika vitabu.

Mlango wa kwanza ni malipo ya kupata kazi. Mtu anaahidiwa kibarua cha shamba au kiwanda akitoa kitu kidogo kwa msimamizi, kwa nyapara au kwa jamaa anayejuana na ofisi. Asiyekuwa nacho hukopa. Sheria ya Ajira inamkataza mwajiri kukata mshahara wa mtu kama malipo ya kumpa kazi au ya kumwacha kazini, na kanuni inayokubalika leo katika biashara ya kimataifa ni kwamba gharama zote za kuajiri hulipwa na mwajiri, bila mfanyakazi kuchangia hata nauli ya mahojiano. Iandike kanuni hiyo katika mkataba wako na kila muuzaji, kisha, na hili ndilo linalosahauliwa, ongeza gharama hiyo katika bei unayomlipa. Kontrakta asiyelipwa gharama ya kuajiri ataitoa mfukoni mwa anayeajiriwa.

Mlango wa pili ni makato. Sheria inataka jumla ya makato isizidi theluthi mbili ya mshahara. Tuchukue mfano wa kubuni: mkata miwa anapata shilingi 12,000 kwa mwezi; kontrakta anamkata 3,000 za nauli ya kumleta, 2,500 za chakula, 1,500 za panga na buti, na 2,000 za deni la duka. Makato yamefika 9,000, ambayo ni robo tatu ya mshahara, ilhali kikomo chake kingekuwa 8,000. Mtu anabaki na 3,000, anatuma 2,000 nyumbani, na katikati ya mwezi anarudi dukani kukopa tena. Hakuna aliyempiga wala kumtisha, lakini hawezi kuondoka. Makato ya kisheria, yaani ya NSSF, bima ya afya ya SHA na ushuru wa nyumba, bado hatujayahesabu. Omba karatasi za malipo za miezi mitatu kwa kila kontrakta, za vibarua na za wanaolipwa kwa kilo au kwa tani pia, upige hesabu hiyo mwenyewe mtu kwa mtu. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato.

Mlango wa tatu ni duka na mkopeshaji. Kambi ikiwa mbali na soko, duka lililo karibu hukopesha unga, sukari na mafuta kwa bei ya juu, na mara nyingine mwenye duka ni ndugu wa msimamizi. Zaidi ya hapo wapo wakopeshaji wa mtaani, wanaojulikana kama mashailoki, wanaochukua kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri, au kitambulisho, kuwa dhamana. Siku ya mshahara mkopeshaji husimama kwenye mashine ya kutolea pesa akiwa na kadi za watu wengi. Mwajiri huweza kusema hilo halimhusu, lakini msimamizi wake akiwa ndiye mkopeshaji, au ndiye anayempigia mkopeshaji simu mtu akitaka kuacha kazi, linamhusu kabisa. Kampuni ipige marufuku wasimamizi kuwakopesha walio chini yao, na imsaidie muuzaji kuunganisha wafanyakazi na SACCO yenye riba ya haki, kwa sababu haitoshi kumwondoa mkopeshaji mbaya ukamwacha mtu mwenye mtoto mgonjwa bila mahali pa kukopa.

Mlango wa nne ni njia ya malipo yenyewe. Mishahara mingi ya vibarua sasa hupitia M-Pesa, na hilo ni jema, maana linaacha kumbukumbu. Chukua orodha ya namba za simu zilizolipwa na uzipange. Namba moja ikipokea mishahara ya watu watano, au namba ikiwa imesajiliwa kwa jina lisilo la mfanyakazi, umepata mahali pa kuanzia maswali. Jibu linaweza kuwa la kawaida, kwa mfano kijana asiye na laini anayetumia ya dada yake. Linaweza pia kuwa nyapara anayepokea mishahara ya gangi nzima na kuigawa apendavyo.

Hatua ya nne: chunguza mlango wa ajira

Kila wakala wa ajira anayetumiwa na kampuni yako au na wauzaji wako awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na upate nakala ya cheti chenye tarehe ambayo haijapita. Fanya vivyo hivyo kwa wanaowaleta watu kutoka Uganda kupitia Busia na Malaba, au kutoka Tanzania kupitia Isebania, ukikumbuka kwamba asiye na vibali vya kufanya kazi nchini huogopa polisi kuliko anavyomwogopa anayemnyonya, na hofu hiyo ndiyo mtaji wa mnyonyaji.

Angalia pia kibarua cha kudumu, hali ambayo mtu anaandikwa upya kila asubuhi kwa miaka. Sheria ya Ajira inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa masharti ya mwezi, na anastahili haki zinazotokana nayo. Anayeandikwa kila asubuhi anategemea kabisa ukarimu wa yule anayeandika majina, na hapo ndipo kitu kidogo kinapoombwa.

Kitu hicho si lazima kiwe pesa. Februari 2023 shirika la habari la BBC lilitangaza uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho walieleza kunyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Mashamba ya namna hiyo yalikuwa na sera zilizoandikwa vizuri na vyeti vya kimataifa. Katika fuo za Ziwa Victoria unyanyasaji wa aina hii una jina lake, jaboya, ambapo mwanamke muuza samaki hulazimika kulala na mvuvi ili auziwe samaki. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wakaguzi wengi huuliza juu ya mishahara na saa za kazi, na wakiondoka hawajagusa swali ambalo kwa mwanamke anayetafuta kibarua linaweza kuwa la kwanza. Sheria inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono. Wewe dai zaidi ya sera: uamuzi wa nani aajiriwe, nani aongezewe siku na nani apewe kazi nyepesi usikae mikononi mwa mtu mmoja, na majina yachaguliwe mbele ya wawakilishi wa wafanyakazi, akiwemo mwanamke.

Kuhusu watoto, mtoto wa chini ya miaka 13 haruhusiwi kuajiriwa kabisa, na wa kuanzia 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyodhuru afya wala masomo yake. Uchimbaji wa dhahabu, uvuvi wa usiku na kunyunyizia dawa mashambani si kazi nyepesi kwa tafsiri yoyote.

Hatua ya tano: jichunguze unavyonunua

Hatua hii huwekwa mwisho katika miongozo mingi, au haiwekwi kabisa, kwa kuwa inamgusa anayelipa mkaguzi. Shamba la maua hupokea oda kubwa kabla ya Februari 14 na tena kabla ya Siku ya Akina Mama huko Uingereza mwezi Machi. Msimu huo unajulikana mwaka mzima kabla haujafika. Mnunuzi anayebadilisha idadi ya mashina siku chache kabla ya ndege kuondoka analilazimisha shamba lichague kati ya kupoteza oda na kuwashikilia watu kwenye banda la kufungashia mpaka usiku wa manane. Mnunuzi anayelipa baada ya siku 90 anamfanya kontrakta acheleweshe mishahara, na mshahara uliochelewa unaweza kugeuka mshahara uliozuiliwa, ambao, kama tulivyoona, ni mojawapo ya dalili 11.

Kwa hiyo kaa na idara ya ununuzi, si na muuzaji, muulizane: bei tunayolipa kwa kilo au kwa shina inatosha kulipa kima cha chini cha mshahara, kazi ya ziada kwa kiwango cha sheria, siku moja ya mapumziko kwa wiki na siku 21 za likizo kwa mwaka? Ikiwa hesabu haifiki, mkataba wenu unamwomba muuzaji avunje sheria, hata kama ukurasa wa mwisho una kifungu kinachokataza utumwa. Weka tarehe ya mwisho ya kubadilisha oda, na ikipita, gharama iwe ya mnunuzi. Fupisha muda wa malipo. Na bonasi ya meneja wa ununuzi isitegemee kupunguza bei peke yake.

Hatua ya sita: sikiliza wafanyakazi mahali wanapoweza kusema

Ukaguzi wa siku moja uliotangazwa wiki mbili kabla utakuonyesha shamba lililofagiliwa. Haimaanishi kwamba ukaguzi hauna faida, kwa kuwa vitabu vya malipo bado vinasema ukweli wao kwa anayejua kuvisoma. Lakini mfanyakazi aliyeitwa ofisini na msimamizi, akahojiwa huku msimamizi akipita dirishani, hatasema lolote la maana, na si haki kumtarajia aseme.

Kutana na watu siku yao ya mapumziko, nje ya kambi, kwa vikundi vidogo na mmoja mmoja. Kiswahili kinatosha kwa wengi, lakini mambo ya aibu na ya uchungu mtu huyasema kwa lugha ya nyumbani, kwa hiyo uwe na wahojaji wanaojua Dholuo, Ekegusii, Kipsigis, Lubukusu au Kiteso kulingana na mahali. Msimamizi asiwe mkalimani kamwe. Wanawake wahojiwe na wanawake. Mtu mzima mhoji kwa heshima anayostahili, umwite mama au mzee kama anavyoitwa na wenzake, na umweleze mapema kwamba jina lake halitaandikwa.

Maswali yawe ya mambo yanayoonekana. Ni nani aliyekuleta kazini, na ulimpa nini? Kitambulisho chako na kadi yako ya benki viko wapi sasa hivi? Mara ya mwisho ulipougua, nini kilitokea kwa mshahara wako? Unadaiwa na nani, na ukitaka kwenda nyumbani mwisho wa mwezi kwa mazishi, ni nani lazima akubali? Katika chai, simama pia kwenye kituo cha kupimia uangalie mizani: kilo ngapi hukatwa kwa ajili ya gunia na unyevu, na nani anaandika. Mchumaji anayelipwa kwa kilo huibiwa kwenye mizani kabla hajaibiwa kwenye karatasi.

Chama cha wafanyakazi ni mshirika wako bora kuliko kampuni yoyote ya ukaguzi, kwa sababu kipo pale mwaka mzima. Chama cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo, KPAWU, chenye makao Nakuru, kina wawakilishi katika mashamba mengi ya maua na chai. Kifungu cha 41 cha Katiba kinalinda haki ya kujiunga na chama. Muuzaji anayefukuza wawakilishi wa chama amekuonyesha dalili ambayo hakuna dodoso lingeweza kuionyesha.

Hatua ya saba: weka njia ya malalamiko inayoaminika

Sanduku la maoni lililotundikwa nje ya ofisi ya meneja halifai. Toa namba ya simu isiyomgharimu anayepiga, inayopokelewa na mtu asiyeajiriwa na shamba, na inayokubali ujumbe mfupi pia kwa wasio na faragha ya kuzungumza. Kila lalamiko lipate jibu ndani ya muda uliotangazwa. Malalamiko yakiwa sifuri kwa mwaka mzima katika mahali penye watu elfu moja, chukulia kwamba njia yako imeziba, wala usijipongeze.

Hatua ya nane: ukigundua kesi

Usalama wa mtu hutangulia kila kitu, hata uchunguzi wako. Usimkabili msimamizi kabla hujajua mwathiriwa atalala wapi usiku huo. Usimpeleke mwathiriwa polisi bila ridhaa yake akiwa mtu mzima. Aliyebakwa afikishwe hospitalini haraka, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifai baada ya hapo. Namba ya kitaifa ya 1195 husaidia katika ukatili wa kijinsia. Kwa mtoto, piga 116 na uihusishe Idara ya Huduma za Watoto, na usikubali muuzaji amfukuze tu mtoto langoni ili mkaguzi asimkute, kwa maana mtoto huyo atakwenda kwenye kazi mbaya zaidi. Kazi apewe mzazi au ndugu mtu mzima, na kampuni ichangie karo.

Mambo ya mishahara na makato yapelekwe kwa afisa wa leba wa kaunti, na yakishindikana, katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo huketi Nakuru na Kisumu pia. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ina ofisi Kisumu na Kitale na hupokea malalamiko dhidi ya kampuni.

Kisha fidia. Aliyelipa kupata kazi arudishiwe fedha zake zote, aliyekatwa kupita kiasi alipwe tofauti, na deni lililotengenezwa na kontrakta lifutwe kwa maandishi ambayo mfanyakazi atabaki nayo. Muuzaji akishindwa kulipa, mnunuzi alipe kwanza na wadaiane baadaye. Mkataba na muuzaji usivunjwe siku hiyohiyo. Mnunuzi anayekimbia huacha watu mia tatu bila kazi na mwathiriwa akilaumiwa na wenzake, na wauzaji wengine hujifunza kuficha. Mpe muuzaji mpango wenye tarehe, umsaidie kuutekeleza, na uondoke tu akikataa au akirudia.

Hatua ya tisa: andika taarifa ya mwaka

Sheria ya Uingereza inataka taarifa iidhinishwe na bodi, itiwe saini na mkurugenzi, na iwekwe kwenye tovuti kwa kiungo kinachoonekana wazi katika ukurasa wa kwanza. Kwa kushangaza, inaruhusu hata kampuni iseme kwamba haikuchukua hatua yoyote. Nyingi hujaza kurasa kwa maneno ya kulaani utumwa na kueleza mafunzo yaliyotolewa kwa wafanyakazi wa ofisini.

Taarifa yenye thamani hutaja maeneo na bidhaa kwa majina: kwamba mwaka huu tulichunguza makontrakta wa miwa, kwamba tulikuta watu waliolipa ili wapate kazi, ni wangapi, walirudishiwa kiasi gani, na wangapi bado. Hueleza pia ambako hatujafika, kwa mfano ngazi ya boti katika samaki, na lini tutafika. Mkurugenzi anayetia saini apelekewe vielelezo vya hatua ya tatu na ya nane kabla ya kutia saini, si muhtasari peke yake. Toleo la Kiswahili litengenezwe wakati uleule na lile la Kiingereza, lisipunguzwe takwimu hata moja, na nakala zibandikwe kwenye vituo vya kupimia chai, kwenye mabanda ya maua, kwenye fuo na kwenye kambi za wakata miwa, zikiwa na namba ya simu ya malalamiko na tarehe ambayo wawakilishi wa kampuni watakuja kujibu maswali ya waliosoma.